Usiilazimishe Linux

Wenzangu wa mwaka wa mwisho, kama kompyuta yako haijawahi kugoma wiki mbili kabla ya kukusanya tasnifu, shukuru Mungu. Yangu iligoma, na kosa lilikuwa langu.

Natumia Ubuntu. Nilihitaji R, programu ya takwimu, ili nichambue data zangu. Bando lilikuwa linaisha, basi nikachukua faili la .deb kwenye flashi ya jamaa wa hosteli. Likakataa. Nikalilazimisha: `sudo dpkg -i --force-depends`. Likaingia, lakini R haikufunguka, na tangu hapo kila programu niliyotaka kuweka ikakataliwa.

Shida ilikuwa nini? Kwenye Linux, programu nyingi haziji na kila kitu chake. Zinaazima maktaba zilizomo kwenye mfumo. Hivyo ndivyo vitegemezi. Kazi ya dpkg ni kufungua kifurushi na kukiweka, haiendi kutafuta vitegemezi. Anayetafuta ni apt: anasoma orodha ya ghala, anakagua saini yake, anapakua vyote vinavyohitajika, kisha anamkabidhi dpkg. Faili la jamaa lilikuwa la toleo jingine la Ubuntu, likidai maktaba ambazo langu halina. Ni kama kujisajili kozi ya mwaka wa tatu wakati ya mwaka wa kwanza hujafaulu: jina liko kwenye mfumo, ila darasani huelewi kitu.

Tiba ni `sudo apt --fix-broken install`. Kabla ya kuondoa chochote, inakuonyesha orodha na kukuuliza. Hapo ndugu yangu usibonyeze Y kama unaitikia salamu. Soma! Ukiona inataka kuondoa nusu ya mfumo, jibu n, utafute msaada. Yangu ilitaka kuondoa kile kifurushi nilicholazimisha tu, nikakubali. Halafu:

`sudo apt update`
`sudo apt install r-base`

Hiyo update wengi wanaielewa vibaya. Inasasisha orodha ya vifurushi tu. Zinazosasisha programu zenyewe ni `sudo apt upgrade`.

Na mipangilio je? Ya mfumo mzima hukaa /etc. Yako binafsi iko kwenye folda yako ya nyumbani, mara nyingi katika mafaili yanayoanza na nukta. Andika `ls -a` uyaone. Kabla hujagusa lolote, linakili kwanza: `cp .Rprofile .Rprofile.zamani`. Ukiharibu, unarudi ulikotoka. Na ukiondoa programu kwa `apt remove`, mafaili ya /etc yanabaki. `apt purge` huyafuta, ila ya folda yako ya nyumbani haiyagusi.

Tasnifu nilikusanya, siku ya mwisho, saa kumi jioni. Zile dakika tano za bando nilizotaka kuokoa zilinigharimu siku tatu. Mfumo ukikataa, muulize kwanza kwa nini.