Wimbo Mmoja, Waimbaji Wengi: Somo la Kulinganisha Masimulizi

Mwanafunzi asimuliapo hadithi kwa namna isiyolingana na ile ya kitabuni, mara nyingi sisi walimu huharakia kumsahihisha. Kwa kufanya hivyo twaweza kumfunza, bila kukusudia, kwamba bibi yake ni mwongo. Hebu tuutazame wimbo mmoja wa jadi wa Marekani ili tulione kosa letu.

Wimbo huo wamhusu John Henry, mfanyakazi Mweusi aliyegongomea mitaimbo mwambani ili kutoboa handaki la reli. Yasimuliwa kwamba alishindana na mashine ya mvuke, akaishinda, kisha akafa, nyundo ingali mkononi. Wengi hulitaja handaki la Big Bend, West Virginia, lililochimbwa kati ya 1870 na 1872. Wengine hutaja kwingine. Hata mkewe hana jina moja: mara huitwa Polly Ann, mara Lucy.

Santuri zimetuhifadhia tofauti hizo. Mwaka 1924 Fiddlin' John Carson wa Georgia aliurekodi kwa fidla. Mwaka 1928 Mississippi John Hurt alirekodi kwa gitaa wimbo wa ukoo huohuo, lakini kwake anayeimba si shujaa: ni mfanyakazi aiachaye nyundo na kwenda zake, kwa kuwa hataki kufa kifo cha John Henry. Mwaka 1959 Harry Belafonte aliuimba jukwaani katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Mmoja asifu ushujaa. Mwingine auliza ushujaa huo ulimfaa nani. Hapana aliyekosea.

Darasani, yafaa tufuate hatua tatu. Kwanza, wanafunzi wawili au watatu wasimulie hadithi moja kama walivyoisikia nyumbani, wala wasikatizwe. Pili, darasa liorodheshe ubaoni yaliyofanana na yaliyotofautiana. Tatu, tuulize: msimulizi huyu alitaka tujifunze nini? Swali hili la tatu ndilo kiini cha somo. Tusipoliuliza, orodha itabaki orodha tu.

Hapana budi tutofautishe mambo mawili. Tarehe ya vita au jibu la hesabu laweza kuwa kosa, nalo lisahihishwe. Bali hadithi ya jadi haina nakala moja iliyo mama wa nyingine zote. Mwalimu alijuaye hilo hatafuta kwa kalamu nyekundu kile ambacho mtoto amerithi kwa wazee wake.