JE, WAJUA? Riwaya Isiyokoma Kaburini

Je, wajua kwamba Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, haikomi Rosa anapojiua? Mwandishi anamfikisha Rosa na baba yake, Zakaria, mbele ya Mungu wahukumiwe. Ni mwisho mzito. Msomaji anaweza kuona kifo chenyewe kimekuja haraka mno, lakini kwangu mimi hukumu hiyo ndiyo inayokata kiu, kwa sababu malezi ya mzazi nayo yanahojiwa, jambo ambalo kaburi lingelifukia. Katika Kichwamaji (1974), riwaya nyingine ya Kezilahabi, mhusika mkuu Kazimoto naye anajiua, ila safari hii hakuna kesi ya mbinguni. Basi wewe unayesoma ndani ya daladala la Buguruni, zisome zote mbili, na kurasa za mwisho usizikimbize.