Kofia ya Jino Ikimeguka

Kofia au daraja la meno la kauri likimeguka, si lazima litengenezwe upya. Palipomeguka kidogo, daktari huweza kupaziba kinywani kwa resini, ingawa kiraka hicho hakidumu kama kauri. Njia nyingine ni kuongeza kauri inayoiva kwa joto dogo, mara nyingi chini ya nyuzi 850 za Selsiasi, ili kauri ya awali isilegee ndani ya tanuri. Hapo ndipo penye hatari. Kifaa (si jino) huondolewa kwanza, nacho huweza kuvunjika. Tena unyevu kiliofyonza kinywani huweza kukipasua kikichomwa bila kukaushwa polepole. Tunakushauri uulize kabla hakijaondolewa: kikivunjika, nani atalipa? Jibu liandikwe. Kipande kilichomeguka usikibandike kwa gundi ya dukani. Nenda nacho kwa daktari.