Tutunze Vitabu na Vitu vya Kale katika Paroki Zetu

Siku moja kijana wa kartiye Katoyi, hapa Goma, alitufikia kuomba msaada. Alikuwa tayari kufunga ndoa, na mahari ilikwisha kutolewa, lakini alikosa kitu kimoja: cheti cha ubatizo. Alibatizwa angali mtoto katika misioni moja ya milimani. Tulipouliza huko, tukapata jibu fupi: kitabu cha miaka ile kimeliwa na mchwa. Kiliachwa chini, katika chumba kimoja na mifuko ya simenti na bidoni za mafuta.

Kijana yule alisaidiwa, kwa maana sheria ya Kanisa, kanuni 876, yakubali neno la shahidi mmoja mwaminifu, na mama yake wa ubatizo alikuwa angali hai. Lakini tulijiuliza: na majina mengine ya kitabu kile? Mashahidi wao wako wapi, baada ya vita na kukimbia-kimbia kwa miaka mingi?

Pengine ndugu mmoja atasema: Watu wana njaa, wakimbizi wanalala chini ya sheti, nanyi mwatuambia habari ya karatasi? Neno hili si la kudharau. Lakini tufikiri vema. Mtu aliyekimbia amekwisha kupoteza nyumba na shamba. Mara nyingine jina lake katika kitabu cha paroki ndilo andiko pekee linaloshuhudia wazazi wake ni nani. Kulitunza andiko lile ni kumtunza yeye mwenyewe. Mtume Paulo naye, alipokuwa kifungoni, alimwomba Timoteo amletee joho lake pamoja na vitabu. Hakuona kwamba nguo na maandiko vyapigana.

Tena ni wajibu wetu. Kanuni 535 yaamuru kila paroki iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu, na vile vya kale vitunzwe kwa bidii. Kanuni 491 yaongeza: orodha ya maandiko ifanywe mara mbili, moja ikae parokini, ya pili kwa Askofu.

Basi, adui za vitu hivi ni nani? Ni maji, moto, wadudu na panya, mwangaza wa jua, vumbi, na mikono yetu wenyewe. Hapa Goma twaongeza volkano. Moshi wa Nyiragongo huchanganyika na mvua, na mvua ile huwa kali hata kutoboa mabati. Bati likitoboka, maji huangukia kabati. Vumbi la mawe meusi nalo hukwaruza kama msasa: ukifuta karatasi kwa nguvu, wafuta na wino.

Dawa zake hazidai franga nyingi.

Kwanza, tuinue vitu kutoka chini, kadiri ya shubiri moja, tena visiguse ukuta. Hivyo hewa itapita, na njia ya mchwa itaonekana mapema. Sanduku la bati ni zuri kwa kuzuia panya, lakini huleta unyevu ndani; kwa hiyo tuliweke juu ya mbao na kulifungua mara kwa mara siku kavu.

Pili, tusitengeneze kwa haraka. Karatasi iliyopasuka isibandikwe kwa utepe wa gundi: gundi ile hugeuka rangi na kuila karatasi. Afadhali kuifunga katika karatasi safi na kuiacha.

Tatu, kitabu kikilowa, kisianikwe juani, maana kitajikunja. Tukisimamishe kivulini penye upepo, na kutia karatasi kavu kati ya kurasa, tukizibadili mara nyingi. Tufanye siku ile ile, kwa maana baada ya siku mbili hivi ukungu huanza kuota.

Nne, tupige picha kila ukurasa kwa simu, na nakala ikae mahali pengine, mbali na paroki. Nakala mbili katika nyumba moja huungua pamoja.

Tano, tuchague mapema kitu cha kutoka kwanza siku ya hatari, na nani atakibeba. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji na kuliangamiza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Januari 2025 vita iliingia mjini. Siku kama zile hakuna nafasi ya kutafuta ufunguo.

Maneno haya yafaa vilevile kwa ngoma, vyungu, mikuki na vitu vya wazee vilivyomo katika nyumba zetu. Tuandike kila kitu kilitoka kijiji gani, chaitwaje, na kilitumiwa namna gani. Mwaka 2022 mfalme wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku, Kakuungu, na wengi walifurahi. Lakini twawezaje kudai vilivyo ngambo, ikiwa vilivyo mikononi mwetu vyaoza? Tena kitu kisicho na habari yake ni kama mtoto asiyejua jina la baba yake.

Hatungoji fedha wala nyumba mpya ya makumbusho. Juma hili katekista mmoja na vijana wawili wanaweza kuinua vitabu, kupangusa rafu na kuanza orodha. Kijana wa Katoyi alimkuta shahidi wake angali hai. Anayekuja kesho pengine hatakuwa na shahidi mwingine ila kitabu chetu.