Uyoga Usiokubali Kulimwa

Mjini Kyoto, Japani, ipo mikahawa midogo iandaayo mlo wa sahani nyingi, kila sahani ikifuata majira. Majani yanapopukutika huletwa matsutake, uyoga wa misituni wenye bei ya kutisha. Bei hiyo ina sababu: nyuzi za uyoga huo hushikamana na mizizi ya msonobari ulio hai, huupa maji na fosforasi, nao mti huzilipa sukari. Hakuna bado aliyefaulu kuulima kibiashara.

Mwanafunzi wa Muze, chini ya ukingo wa Ufipa, asidhani habari hii ni ya mbali. Uyoga mwingi uchumwao katika misitu ya miombo wakati wa masika huishi vivyo hivyo kwenye mizizi ya mitundu na miyombo. (Ule wa vichuguuni ni habari nyingine: huo hulimwa na mchwa wenyewe!) Katika jamii ya amanita umo wa kuliwa na umo wa kuua, na sumu ya huo wa pili haiondoki kwa kuchemshwa, kwa hiyo ujuzi wa akina mama wachumaji ni elimu kamili. Lakini miti ikishakatwa kwa ajili ya mkaa, uyoga wa mizizini hauna tena wa kuulisha.