Makanisa ya Tabora na Njia ya Wapagazi

Wanafunzi wetu hutuuliza mara kwa mara: Kwa nini Urambo ni kwa Wamoraviani na Kipalapala ni kwa Wakatoliki, hali babu zetu walikuwa Wanyamwezi wote pamoja? Jibu lake tusilitafute katika katekisimu. Tulitafute katika njia ya misafara.

Njia itokayo Bagamoyo ilipofika Tabora iligawanyika, moja ikaenda Ujiji na nyingine ikaelekea Ziwa Nyanza. Mtu aliyetoka pwani alikuwa ametembea karibu miezi mitatu. Hapo ilimlazimu kupumzika na kutafuta wapagazi wapya, apende asipende. Mapadre Weupe walifika Oktoba 1878, na mmoja wao, Padre Pascal, alikwisha kufa njiani. Hapo wakaagana, wengine wakashika njia ya Ujiji, wengine njia ya Buganda. Mwaka uliofuata Waanglikana wa CMS walikuwa na kituo Uyui, karibu na Tabora, na Daktari Southon wa Misioni ya London akakaa Urambo kwa Mtemi Mirambo. Mirambo hakubatizwa, alitaka tabibu na biashara, naye Southon alimpenda. Mwaka 1882 bunduki ilimpiga Southon mkononi kwa bahati mbaya. Mkono ukakatwa, lakini hakupona.

Basi misioni tatu zilikaa katika nchi moja, mwendo wa siku chache tu baina yao, na kila moja ina mafundisho yake.

Hazikudumu sawasawa. Huko Kipalapala Mapadre waliwalea watoto waliokombolewa utumwani, lakini Mtemi Isike wa Unyanyembe hakuwataka Wazungu, na vita vya Wajerumani pwani vilizidisha chuki. Mwaka 1889 Mapadre wakahama. Uyui nayo ilikuwa imeachwa. Wakatoliki walirudi baadaye, na Kipalapala ikapata seminari na kiwanda cha kuchapa vitabu.

Habari ya Urambo ndiyo inayotushangaza zaidi. Mwaka 1898 Misioni ya London iliwakabidhi Wamoraviani kituo chake. Fikirini jambo hili: Mkristo alilala akiwa wa London, akaamka Mmoraviani! Makaburi yalikuwa yale yale na shamba lile lile. Aliyebadilika ni mchungaji. Wamoraviani wakafika Tabora mjini mwaka 1912, mwaka ule ule reli ilipofika, na mpagazi akaanza kupoteza kazi yake. Waanglikana nao, waliokuwa wameiacha Uyui, walipata dayosisi yao ya Tabora mwaka 1989.

Kwa hiyo mtu asijivune sana kwamba ukoo wake ulichagua. Wengi wetu tulipokea kanisa lililokuwa karibu na kisima chetu.

Je, makanisa haya yaliwahi kutaka kuungana? Ndiyo. Katika miaka ya 1960 Waanglikana, Wamoraviani, Walutheri na wengine wa Afrika ya Mashariki walifanya mazungumzo ya kuwa kanisa moja. Hayakutimia, na katika mambo yaliyokuwa magumu mojawapo lilikuwa uaskofu. Wakatoliki hawakuwamo katika shauri hilo. Hata jina la Bwana halikutamkwa sawa: Wakatoliki wa zamani waliandika Yezu, Waprotestanti Yesu. Herufi moja tu, lakini ilitosha kumtambulisha mtoto ametoka shule ya nani.

Sisi walimu tumeona posa ikirudishwa kwa ajili ya herufi hiyo. Mahari imekwisha kutajwa, wazee wamekwisha kunywa pombe, ndipo mjomba mmoja auliza, "Arusi itafungwa wapi?" na watu wakatazamana.

Lakini katika miaka ya 1990 ilitolewa Biblia Habari Njema, iliyotafsiriwa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Humo, katika Kiswahili kimoja, Bwana anaitwa Yesu. Mjomba yule bado anauliza swali lake, ila siku hizi bibi arusi na bwana arusi huweza kusoma somo lao katika kitabu kimoja wakati wazee wanapojadiliana.