Mwangwi wa Nyiragongo

Mtu aketiye Goma na kuifungua redio yake ya FM hukabiliwa na halaiki ya sauti: Radio Okapi, iliyoanza kusikika tarehe 25 Februari 2002, stesheni za mji wenyewe, na zile za Gisenyi zivukazo mpaka bila kuulizwa pasi. Mawimbi hayo, ambayo urefu wake ni kadiri ya mita 3, hufuata njia iliyonyooka kama nuru, na kama nuru hurudishwa yakabilipo ukuta. Basi katika mji uliokaa baina ya ziwa na Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, matangazo yaleyale yaweza kuifikia antena mara mbili, kwanza kwa njia ya mkato, kisha kwa njia ya mlima. Mwangwi uliozidishiwa safari ya kilomita 30 huchelewa sehemu 1 tu ya 10,000 ya sekunde, muda ambao sikio haliutambui, walakini watosha kuyavuruga mawimbi ya asili hata muziki ukakwaruza mithili ya mchanga menoni.

Kulikuwa na chombo kilichomwezesha msikilizaji kuiona adha hiyo kwa macho. Saul Marantz wa New York, msanii wa michoro aliyeanza kwa kujiundia kikuza sauti nyumbani, alimtumia mhandisi Richard Sequerra katika kuunda kipokezi cha FM kisicho na kifani, nacho, Model 10B, kikatoka na valvu tumboni na usoni kioo kidogo, jamaa ya kile cha televisheni, ambamo mstari wa nuru hutulia mawimbi yawapo safi na hukunjamana mwangwi uingiapo, hata mtu akaweza kuizungusha antena juu ya paa huku mwenziwe akiutazama mstari na kumwitia, "Hapo hapo!"

Sifa zilikuja, faida haikuja. Gharama za kukiunda ziliielemea kampuni changa, na mwaka 1964 Marantz akaiuza kwa Superscope ya California. Sequerra, ambaye naona hakuwa mtu wa kukoma, baadaye alianzisha kampuni yake, akaunda kipokezi kilichoonyesha stesheni jirani kwa pamoja, kila moja kama kilele; nayo haikudumu.

Laiti 10B moja ingewashwa hapa Goma! Ila imetengenezewa umeme wa Marekani, nao wetu ni wa volti 220; ingehitaji transfoma kwanza, na subira ya kungoja umeme urudi.